Picha ya Mia Sita na Kumi na Tatu

"Hapa umepaka rangi, Mama Mélissa. Usinifiche."

Gitau alikuwa ameinamia skrini ya kompyuta mpaka pua yake ilikaribia kuigusa. Emérithe alisimama nyuma yake, koti bado mwilini, mkoba kwapani, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Mimi? Nipake rangi mimi? Hayo ni mambo yenu, watu wa kutia chumvi."

"Sasa hii buluu ni ya nani?"

"Ya Mungu."

"Ati ya Mungu! Anga la Märsta ni juisi ya karoti, sote tunalijua. Taa za uwanja wa ndege usiku kucha. Hii buluu imetoka wapi?"

"Imetoka ilikotoka. Wewe chapa."

Ilikuwa Jumamosi mchana, Novemba ya mwaka 2011, na zilikuwa zimebaki siku saba kamili. Jumamosi iliyofuata ungetimia mwaka tangu Révérien, mume wa Emérithe, afariki dunia. Warundi waliotawanyika Stockholm nzima wangekutana kwenye ukumbi wa kanisa pale Märsta, mji wa Emérithe karibu na uwanja wa ndege, kumaliza kilio. Watu wengine siku hiyo huweka mezani picha ya marehemu amevaa suti, amekaza uso kama anayesubiri kuitwa ofisini. Emérithe hakutaka hiyo. Alitaka hii aliyoileta Sundbyberg kwenye flashi, katika duka la kuchapa mabango alikofanya kazi Gitau, ichapwe kwa upana wa mita nzima.

Ilikuwa picha ya anga. Chini kulikuwa na misonobari myeusi iliyosimama kama meno ya kitana. Juu kidogo ya ncha za misonobari kilitua Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizojibana pamoja kama watoto wanaoota moto. Na kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ulipita mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka, ukikaribia kukigusa Kilimia bila kukigusa. Mstari ule ulikuwa ndege. Révérien alikuwa ndani yake, anakwenda Bujumbura kumzika mama yake.

Hakurudi. Miaka kumi na miwili ya Uswidi ilikuwa imeusahaulisha mwili wake malaria, lakini malaria haikuwa imemsahau. Siku ya ishirini na mbili tangu aondoke ikaja simu, na alizikwa hukohuko kabla Emérithe hajapata hata tiketi. Hakuuona mwili wala kaburi. Alichokuwa nacho ni mstari huu. Alikuwa amemwambia binti yao, Mélissa, aliyekuwa na miaka sita wakati ule: "Huyu ni baba anaondoka. Unaona? Anatuaga." Tangu siku hiyo mtoto alikuwa akiupitisha kidole mstari ule kila jioni kabla ya kulala, kutoka misonobarini hadi juu, taratibu, bila kuruka.

"Haya," alisema Gitau, "nikuwekee basi weusi mzuri hapo pembeni, nyota zing'ae kidogo..."

"Gitau."

"Kidogo tu!"

"Gitau, chapa kama ilivyo."

Walikuwa wamezoea kugombana hivyo. Walijuana kwenye darasa la jioni la kupiga picha za nyota, kila Jumanne, wao wawili peke yao wanaojua Kiswahili, wameketi nyuma wakinong'onezana, Emérithe na Kiswahili chake cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na Gitau na chake cha Thika. Mwalimu wao, Ingegerd, bibi mmoja mrefu aliyewahi kufundisha fizikia, aliwauliza siku ya kwanza swali ambalo halikuisha. Jicho likitazama Kilimia, alisema, linaona nyota sita au saba, nyeupe. Kamera ikitazama kwa muda mrefu inaona ukungu wa buluu umezizunguka, na ukungu ule upo kweli. Nani mwongo, jicho au kamera?

Gitau hakusita. Kamera ni brashi, alisema. "Mimi nikipiga picha ya nyota sifanyi kazi ya polisi. Natengeneza kitu mtu atundike sebuleni, aketi chini yake, asahau bosi wake." Wiki iliyofuata akaleta picha ya galaksi, zambarau na dhahabu na waridi, darasa zima likapiga makofi. Emérithe akamnong'oneza: "Hilo si anga, hiyo ni kanga ya bibi harusi." Gitau alicheka mpaka Ingegerd akaomba atafsiriwe.

Emérithe alikuwa na sababu yake. Alifika nchi hii akiwa na miaka kumi na saba, na kila ofisi iliyomhoji ilimuuliza maisha yake upya, tangu mwanzo. Akajifunza kwamba ukiongeza neno moja lisilokuwepo, hata yale ya kweli hayaaminiki tena. Kwa hiyo kwenye picha zake hakuongeza kitu. Macho yake yakiona anga la rangi ya karoti, anga libaki la karoti. Darasani wakamzoea hivyo.

Ila kupunguza, huko alikubali. Ingegerd aliwafundisha kupiga picha nyingi za sehemu ileile, kisha kuzilaza moja juu ya nyingine ili nyota ziimarike. Kabla ya kuzilaza unazipitia moja moja, na kila iliyokatwa na ndege unaifuta. "Kinachopita mara moja si anga," Ingegerd alisema. "Kitupeni." Kwa mtu wa Märsta hilo lilikuwa agizo zito. Huko ndege ni nyingi kuliko kunguru.

Na kufuta kwenyewe ndiyo kazi iliyomlisha. Emérithe alisafisha ndege pale uwanjani. Abiria wakishuka, yeye na wenzake waliingia mbio, dakika ishirini, na kila dirisha lilikuwa na alama ya paji la uso la mtu aliyeegemea kioo akitazama chini. Alipitisha kitambaa, alama ikaondoka, akaenda dirisha lingine.

"Lakini niambie ukweli," Gitau alirudia, safari hii bila utani. "Hii buluu hukuipaka?"

"Naapa."

"Kwa Mélissa?"

"Kwa Mélissa. Ndivyo ilivyotoka kwenye kamera. Mimi nilifikiri..." Alichofikiri hakikuwa cha kusemwa dukani. Alifikiri kwamba anga, jioni moja tu, lilijivalisha kwa ajili ya Révérien.

Gitau alijikuna kidevu. "Ilipigwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika ishirini na nne jioni. Kamera yenyewe imeandika hapo. Alinitumia ujumbe dakika sita kabla, wakiwa tayari wamefunga mlango."

"Na ilikuwa tarehe nne Novemba."

"Tarehe nne."

"Mwezi huo jua linazama hata saa kumi haijafika, mama. Saa kumi na mbili na nusu ni giza la sufuria. Buluu haiwezi."

Alifungua programu ya anga, ile waliyokuwa wakiitumia darasani. Akaandika Märsta, akaandika tarehe na saa. Nyota zikajipanga kwenye skrini. Kilimia kilikuwa juu, mbali na upeo wa macho, hata ukinyoosha mkono na kukunja ngumi ungeipachika ngumi nzima kati yake na ncha za misonobari. Kwenye picha ya Emérithe kilikuwa kimekaa juu ya ncha zenyewe.

Gitau aliirudisha saa nyuma, dakika kumi, nusu saa, saa nzima. Kilimia kikashuka, kikashuka, kikatua juu ya misonobari, mahali pake hasa. Na anga kwenye programu likawa na buluu.

Mashine ya kuchapa nyuma yao ilikuwa inatema bango la duka la viatu.

"Mama Mélissa. Mwaka jana, ile Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Saa ya kamera uliirudisha nyuma?"

"Kuirudisha wapi?"

"Si ndiyo siku kila mtu hapa anarudisha saa nyuma? Saa moja. Kuingia majira ya baridi."

"Saa za nyumbani Révérien ndiye aliyezirudisha. Ya ukutani, ya jiko, ya..." Emérithe aliona mkono wa Révérien, vidole vifupi vinene, amepanda kwenye kiti Jumapili asubuhi, anazungusha mshale, anamwambia Mélissa: leo nchi hii inatupa saa moja ya bure, tuifanyie nini? Walikula chapati. Kwao Burundi saa haiguswi mwaka mzima, na baada ya miaka yote ile jambo hilo bado lilimchekesha. Alizunguka nyumba nzima akitafuta saa za kurudisha. Kamera hakuigusa. Ilikuwa mali ya mkewe, kwenye mfuko wake juu ya kabati, na alikuwa na adabu ya vitu vya watu.

"Programu inakosea," alisema Emérithe.

"Inaweza kukosea," Gitau alijibu kwa upole, na upole huo ndio uliomvunja.

*

Mélissa alikuwa Södertälje kwa baba yake mkubwa, Sixte, hadi Jumapili. Emérithe alifika nyumbani peke yake, hakuwasha taa ya sebuleni, akapanda kiti na kuushusha mfuko wa kamera. Aliiweka kamera mezani kando ya simu. Simu ilisema 18:02. Kamera ilisema 19:02, saa nzima mbele.

Alikaa chini, koti bado mwilini.

Jioni ile ya mwaka uliopita alimsindikiza Révérien uwanjani, akarudi na basi na mtoto, maana mtoto alikuwa analia. Kabla hawajaachana Révérien alimwambia: "Nitapita mbele ya dirisha letu. Elekeza kamera kwenye inzi wako, unipige." Kilimia alikiita hivyo, inzi wako. Saa kumi na moja jioni Emérithe alisimamisha kamera roshani, kwenye miguu yake mitatu, ikielekea mashariki uliko uwanja. Akafunga kitufe kwa waya ili ipige yenyewe, kila picha nusu dakika, bila kukoma, kisha akaingia ndani kupika. Hata ujumbe ulipofika alikuwa anamwogesha Mélissa, na simu ilikuwa jikoni. Hakutoka kutazama. Kamera ipo, alijiambia. Kamera itatazama.

Wiki ileile alizipitia picha, karibu mia tatu. Ndege saba zilikuwa zimekatiza. Sita alizifuta kama alivyofundishwa. Moja, iliyoandikwa 18:24, aliibakiza.

Kwa hiyo ile aliyoibakiza ilipigwa saa kumi na moja na dakika ishirini na nne. Na saa hiyo Révérien alikuwa wapi?

Alijua alikuwa wapi. Alikuwa bado chini, kwenye viti vya kusubiria, na simu sikioni. Alikuwa amepiga nyumbani. Mélissa alipokea, akamweleza baba yake habari ndefu ya jino linalotikisika, kisha akaja jikoni na simu mkononi: baba anakutaka. Emérithe alikuwa anakaanga ndizi. "Mwambie mama ana mafuta motoni. Nitaongea naye akifika." Alimsikia mtoto akifikisha ujumbe, akasikia kicheko cha Révérien kikitoka kwenye simu kama cha mtu aliye ndani ya kopo. Kisha simu ikakatwa.

Alipofika alipiga, ndiyo, na waliongea, siku nyingi waliongea, mambo ya mazishi na mambo ya shule. Lakini kwa mwaka mzima Emérithe alikuwa akiitazama picha ile na kumwona mume wake anaondoka, kumbe wakati mstari ule unapita mume wake alikuwa anasubiri apewe simu.

Alifungua kompyuta. Alichokitafuta sasa alikijua, na alijua pia kwamba hatakipata. Ndege ya Révérien, kwa saa ya kamera, ilipaa karibu saa moja na dakika ishirini na nne. Alishuka na orodha ya namba za picha kwa kidole hadi dakika hiyo. 609. 610. 611. 612. 614.

Akarudi juu, akashuka tena, kama mtu anayepapasa mfuko alioupapasa tayari.

612. 614.

Alimpigia Gitau. "Iliyofutwa inaweza kurudi?"

"Kadi ile bado unaitumia?"

"Kila wiki."

Gitau alivuta pumzi. "Basi umeshaandika juu yake mara mia, dada."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada. Emérithe alikata simu, akaegemea dirisha la roshani akilia bila sauti, na alipoondoka paji lake la uso lilikuwa limeacha alama kwenye kioo. Hakuifuta.

*

Jumatatu Gitau alimtumia picha kwa barua pepe. Juu yake aliandika maneno machache: *Nimeichora mimi. Nimechukua 612 na nimeweka mstari pale ndege yake ilipopaswa kupita, nimepima vizuri. Hakuna atakayejua. Usinikasirikie.*

Emérithe aliifungua akiwa tayari kukasirika, akashindwa. Gitau hakuwa ametia chumvi hata chembe. Anga aliliacha la karoti, Kilimia kilikuwa juu panapostahili, na mstari wake ulikuwa mwembamba, wenye kovu dogo katikati mahali ambapo taa ya bawa humeta. Mtu huyu aliyepaka galaksi rangi za harusi alikuwa amechora kitu cha kweli kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Inawezekana kabisa ndivyo ilivyokuwa. Emérithe aliitazama kwa muda mrefu. Kwa nini isiwe hii? Ndege ilipita, hilo si uongo. Ilipita mbele ya kamera yake, na kamera iliiona. Kinachochorwa hapa ni kile kilichokuwepo. Aliandika *Asante, ichape*, akaweka kidole kwenye kitufe cha kutuma.

"Hiyo si ya baba."

Mélissa alikuwa nyuma yake na mswaki mdomoni. Alisema kwa Kiswidi, kama alivyosema kila kitu siku hizi.

"Kwa nini unasema si yake?" Emérithe aliuliza kwa lugha ya nyumbani.

"Mstari umehama." Mtoto alisogea, akaweka kidole kwenye skrini, povu la dawa ya meno likidondoka mezani. "Ya baba inaanzia kwenye mti uliovunjika. Halafu inapita hapa. Hii inapita pengine. Nani ameihamisha?"

Emérithe aliondoa kidole kwenye kitufe bila kukibonyeza. Alimfuta mtoto mdomo kwa kiganja, akampakata, miguu yake mirefu ikining'inia, maana alishakua mkubwa wa kupakatwa.

Alimweleza. Haikuwa rahisi kumweleza mtoto wa miaka saba habari ya saa inayorudi nyuma, na mara mbili alianza upya. Mélissa alisikiliza huku akivuta uzi wa sweta.

"Kwa hiyo kwenye ya zamani, yule si baba?"

"Si yeye."

"Ni nani?"

"Watu wengine. Siwajui."

"Wanajua wako kwenye picha yetu?"

"Hapana, mama. Hawajui."

Mtoto alifikiri. "Nilimwambia Annick wa darasani kwamba ni baba. Nilimwambia na mwalimu." Kisha uso ukamkunjamana. "Nilikuwa namsindikiza kila siku! Nilikuwa nasindikiza *watu wengine!*" Alishuka magotini kwa mama yake, akakimbilia chumbani, mlango ukapigwa hadi picha ya ukutani ikakaa upande.

Emérithe hakumfuata mara moja. Alisubiri nje ya mlango, kichwa kimeegemea mbao, akisikiliza mtoto analia, akijua kwamba asingeweza kumpa mstari mwingine wa kusindikiza, hata uliochorwa kwa upendo, hata uliopimwa.

Baadaye, mtoto alipotulia, alisikia sauti ndogo kutoka ndani, kwa lugha ya nyumbani safari hii, kwa lafudhi yake ya Kiswidi:

"Na ya baba iko wapi?"

Emérithe alifungua mlango. "Njoo nikuonyeshe," alisema, akamwonyesha orodha.

*

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Walikuja kutoka Södertälje, wakaja kutoka Sundbyberg, wakaja na masufuria yaliyofungwa kwa taulo, maharage, ndizi, sambusa. Gitau alifika na mabomba mawili ya kadibodi kwapani, hakuulizwa kitu. Yeye na Emérithe walizitundika picha ukutani mbele ya watu, na watu wakaanza kunong'onezana.

Zilikuwa picha mbili, za ukubwa mmoja, kulia na kushoto. Zote mbili zilionyesha misonobari ileile, anga lilelile la rangi ya karoti, Kilimia kilekile. Hakuna mstari, hakuna ndege. Kati yake ukuta ulibaki mtupu, upana wa picha ya tatu. Chini ya picha ya kushoto Gitau alikuwa amechapa 612, na chini ya ile ya kulia 614.

Sixte, kaka mkubwa wa Révérien, mtu wa sauti nzito aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha malori, alisimama mbele akiwa amefunga mikono mgongoni kama anayekagua mashine. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Shemeji," alisema, "samahani. Sisi watu wa kiwandani labda hatuelewi sanaa. Hizi mbili si sawa tu?"

Watu wakacheka kidogo, kwa huruma.

"Hazitofautiani sana, shemeji."

"Na ile uliyotuonyesha siku zote? Ya ndege? Watu wamekuja wakijua wataiona. Mimi mwenyewe nimewaambia watu."

"Ile haikuwa ndege yake."

Kicheko kiliisha. Mke wa Sixte, Pélagie, alimvuta mumewe mkono wa shati, lakini Sixte hakuwa mtu wa kuvutika. "Sasa shemeji, hata kama... Ungetuachia. Ingemdhuru nani?"

Kwao, siku ya kumaliza kilio, mjane ndiye anayefunga maneno. Emérithe alikuwa ameandika hotuba, ukurasa mzima, aliouweka kwenye mfuko wa gauni. Hakuutoa.

"Saa aliyonipigia simu nilikuwa nakaanga ndizi," alisema. "Mnajua wote alivyopenda ndizi, lakini siku ile zilikuwa zetu, yeye alikuwa anaondoka. Akataka kuongea na mimi. Nikamwambia mtoto, mwambie mama ana mafuta motoni." Sauti ilimtoka sawa, hata yeye alishangaa. "Kisha alipaa, na mimi sikutoka nje kumtazama. Nilimwachia kamera. Na kamera ilimwona, ndugu zangu. Ilimwona vizuri. Halafu nikakaa mezani, nikamwona mimi kwa macho yangu kwenye ile kompyuta, mstari mweupe, na nikasema hii ni takataka, nikaifuta. Nimejifunza miaka yote hii nisiweke kisichokuwepo. Sikujua kwamba nimekwisha kutoa kilichokuwepo."

Mahali fulani nyuma mfuniko wa sufuria uligongana na mwenzake, ukatulia.

"Kwa hiyo ya katikati..." Sixte alianza. Sauti yake nzito haikufika mwisho. Alifungua mikono kutoka mgongoni, akaitazama kana kwamba hajui aiweke wapi.

"Ya katikati ndiyo yeye, shemeji. Sina."

Mélissa alikuwa amekaa safu ya mbele, kati ya magoti ya Pélagie, na viatu vipya vilivyombana. Aliinuka. Hakumtazama mtu. Alitembea hadi ukutani, akasimama kwenye picha ya kushoto, akasoma namba yake kwa sauti, kama wanavyosoma shuleni kwenye zoezi la namba iliyopotea. Akasogea kulia, akasoma nyingine. Kisha akarudi katikati, penye ukuta mtupu, akainua kidole. Alianza chini kabisa, pale ambapo mti uliovunjika ungekuwa, akakipandisha taratibu, bila kuruka, juu, juu, hadi mkono ulipokwisha urefu na akasimama kwa ncha za vidole vya miguu.

"Mia sita na kumi na tatu," alisema, na hakusema kwa Kiswidi.

"Ndiyo," alisema Emérithe. "Huyo ndiye."